Nimewavalisha Sare Wasichana wa Mwende

Leo nimeaibika ndani ya nyumba yangu mwenyewe, nimekaa kwenye kiti, sijaguswa na mtu. Nawaandikia yote kama yalivyokuwa, maana nikibaki nayo peke yangu sitalala.

Mnajua nilirudi Garissa Jumatatu. Mke wangu Mwende tulimzika Kitui mwezi jana. (Asanteni mliofika. Wengine sikuwashukuru, mdomo haukufunguka.) Nyumba yetu hapa mtaa wa Iftin niliikuta imefagiwa. Jirani yangu Mama Hawo ndiye alikuwa na ufunguo.

Leo asubuhi Mama Hawo akanipa habari kwamba baada ya sala ya alasiri angekuja na mume wake, Mzee Abdi, wanipe pole sawasawa. Nikatazama kuta zangu. Tupu! Kalenda moja tu, tena ya mwaka jana.

Hapo nikakumbuka vile vitambaa. Mwende alinunua viwili kwenye mitumba, vizito, vya kufumwa, vya kutundika ukutani. Kidogo kina msichana mmoja ameinama anafunga kiatu. Kikubwa kina wasichana wa Kizungu wanaocheza kwa ncha za vidole vya miguu, wamevaa vigauni vyeupe vifupi vilivyotanuka kama mwavuli. Alisema sebule yetu inahitaji kitu kinachoruka. Akaniomba misumari. Nikasema kesho. Kesho hiyo ilichukua mwaka mzima, na mimi ni fundi wa nguo, nyundo iko chini ya cherehani. (Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.)

Nikajiambia: leo ni leo.

Nikavitoa chini ya kitanda. Bado vinanukia sabuni yake. Kidogo nikakitundika. Kikubwa nikakitandaza mezani, na wasiwasi ukaniingia. Miguu wazi mpaka juu. Mabega wazi. Na anayekuja ni Mzee Abdi, mtu asiyekosa msikitini! Hawa ndio waliotuletea maji na uji wakati Mwende hawezi kuinuka. Niwaketishe mbele ya mapaja?

Kuacha kukitundika nako sikuweza. Nilishamkosea Mwende mara moja.

Basi nikafanya kile mikono yangu inajua. Kazi yangu ni sare za shule, na nilikuwa na mabaki ya kitambaa cha miraba ya buluu. Nikakata sketi ndogo ndefu, za heshima, zenye marinda. Nikazishona kwa mkono juu ya picha. Sasa kitambaa kile kina tabia moja. Ukikisogelea unaona nyuzi tu, rangi juu ya rangi, hujui mguu ni upi na sakafu ni ipi. Mimi nilikuwa nimeinama pua ikikaribia kugusa, na macho yenyewe yana maji. Palipoonekana peupe, nikavika sketi. Zikafika saba. Nikakitundika, nikakimbilia jikoni kuchemsha chai, bila hata kurudi nyuma hatua mbili nikaangalia. (Hapo ndipo nilipokosea. Pamoja na kwingine kote.)

Wakaja. Tukasalimiana. Mzee Abdi akaomba dua fupi, viganja wazi, nami nikainamisha kichwa nikasema amina. Nikamimina chai. Tukanywa.

Kisha Mama Hawo akakohoa. Hakikuwa kikohozi.

"Fundi," akasema, "hii ni shule gani?"

Nikageuka. Kutoka kwenye kiti, kwa mbali, picha yote ilionekana wazi. Wasichana watano wenye sare wananing'inia hewani kama kengele imewakuta njiani. Sketi ya sita imevaliwa na benchi. Na ya saba...

"Na huyu mzee?" Mzee Abdi akauliza taratibu.

Kuna mzee! Mwalimu wao wa kucheza, mwenye mvi, amesimama katikati ameshika fimbo. Koti lake ni jeupe. Nimemvika sketi ya marinda.

"Nilifikiri mtaona haya," nikasema. "Kwa sababu ya miguu."

"Sisi?" Mama Hawo akaweka kikombe chini. "Wallahi, fundi, hiyo nguo mimi na Mwende tulichagua pamoja! Mimi ndiye nilibishana na yule mama wa mitumba mpaka akapunguza bei. Yangu iko chumbani kwangu, wasichana wanne, na hakuna mtu ameshonea kitu."

Nikamtazama Mzee Abdi aniokoe.

"Iko," akasema. "Msumari niligonga mimi, siku hiyo hiyo. Ningekataa, nilale wapi?"

Hapo, rafiki zangu, ndipo nilipoumbuka. Si kwa sketi. Ni kwa msumari. Siku hiyo hiyo! Nikajibu, "Ndiyo," kama mtu aliyeulizwa jina lake, na chai ikanimwagikia magotini.

Mama Hawo akaniona uso. Hakusema pole.

"Lete wembe, walaal," akasema. Yaani ndugu.

Tukakishusha, tukafumua uzi kwa uzi, sisi watatu. Mama Hawo alipofika kwenye sketi ya benchi akaanza kutikisika mabega. Akaziba mdomo kwa mtandio, akajaribu kuniomba radhi, akashindwa. Nikajikuta nami nacheka, mara ya kwanza tangu Kitui. Kisha nikalia kidogo. Wakatazama kalenda ya mwaka jana mpaka nikamaliza.

Nilipotaka kumfumua yule mwalimu, Mzee Abdi akanishika mkono.

"Huyo muache." Akajionyesha kiunoni, macawis yake ya miraba ya buluu, ile shuka wanayojifunga wazee wa hapa. "Huyo sasa ni mtu wetu."

Viko ukutani vyote viwili. Ukisimama mlangoni, wasichana wanaruka kweli. Mwende alikuwa sahihi.

Mkija kunipa pole, karibuni, ila msimcheke mzee wa watu. Na wewe unayesoma hapa, kama kuna mtu nyumbani alikuomba msumari, weka simu chini ukagonge.