Ngozi ya Nguruwe Kwenye Mashine ya Maji

Jumatatu, 3 Julai 1905, Kivinje.
Shule yetu inageuzwa Ulaya! Kuta zinapakwa chokaa, na kisimani wamefunga mashine ya chuma. Unasukuma mkono wake, maji yanapanda hadi tangi la juu, kisha yanateremka mahali pa kutawadhia. Bwana Mkubwa wa shule anatafuta msimamizi wa mashine. Mzee Fakihi kasema binti yake Kudra ataolewa na mwenye cheo, si na mwalimu msaidizi wa kufuta ubao kama mimi. Basi cheo hicho ni changu. Lazima!

Jumatano, 5 Julai.
Kapewa Andrea! Mwalimu mwenzangu, kijana wa misheni, kisa anajua kufungua skrubu. Nimempongeza huku roho inaniuma. Alasiri nikamnong'oneza Bi Mwahija, muuza vitumbua, kwamba ngozi ya kuzibia maji iliyomo ndani ya mashine ni ya nguruwe. Uongo mtupu. Ni ya ng'ombe, mimi mwenyewe ndiye niliyetumwa kuinunua. Nikamwapisha asimwambie mtu.

Ijumaa, 7 Julai.
Lahaula! Mji mzima unajua. Wanafunzi hawagusi maji. Mafundi wamegoma kuchanganya chokaa kwa maji hayo, eti ukuta utakuwa najisi. Wote wanakwenda kisima cha msikiti, mbali kule. Nimemwona Kudra na mtungi kichwani, jasho linamtiririka. Nikaona haya. Nao wanaoshuka kutoka Kipatimu wanazungumza habari za maji mengine, ya dawa, eti yanazuia risasi, kwa sauti ya chini, na wanaaminiwa vilevile. Nimewaza sana barazani. Mtu akisikia habari ya kutisha haulizi nani kaisema. Anajiuliza ameshakunywa kiasi gani.

Jumapili, 9 Julai.
Andrea kahamishiwa Lindi kwa fujo hizi za maji. Mimi ndiye msimamizi! Kabla ya kuondoka kanionyesha pa kutia mafuta, akaniomba radhi kwa tabu anayoniachia. Sikujua nitazame wapi.
Nikakimbia kwa Mzee Fakihi. Shikamoo, marahaba, kahawa sikuiona. Akasema kwa upole kwamba mwanawe hatalishwa na mkono unaoshika nguruwe kutwa. Nikaapa ngozi ni ya ng'ombe. Akauliza nimejuaje, na kama nilijua, mbona nilinyamaza siku zote hizi. Nyuma ya mlango Kudra alicheka. Kile kicheko kimeniumiza kuliko maneno ya baba yake.

Jumanne, 11 Julai.
Tangi linafurika, hanywi mtu. Bwana Mkubwa kasema hali ikiendelea hivi mashine itang'olewa, na mimi pamoja nayo. Nimekaa nikapima. Naweza kusimama mbele ya watu baada ya sala nikasema kweli. Ningeaibika, lakini yangekwisha. Nimefika hadi mlango wa msikiti na maneno yangu tayari. Mwadhini akaniuliza nina shida gani.
Nikamwambia, kwa siri, kwamba ndani ya kisima chao amefia paka. Paka mdogo tu. Kesho watarudi kwangu wote.