Mradi wa Tumbo Tulivu

Idara ya Mikutano ilitangaza, kwa furaha kubwa na kwa vipaza sauti viwili, kwamba nchi imeingia katika zama mpya: zama za tumbo tulivu. Kuanzia siku hiyo hakuna mtumishi wa umma ambaye angeruhusiwa kutoa hewa ya ndani katika kikao cha serikali bila idhini ya msimamizi wake, na idhini hiyo iombwe mapema.

Tangazo lilikuja kwa wakati wake. Kazi ya Idara ya Mikutano ni kufanya mikutano, mikutano ina chakula, na chakula, kama ilivyobainika baada ya utafiti wa kina, kina matokeo. Wiki chache nyuma Waziri alihudhuria kikao kimoja pale na akaondoka kabla ya chai, kitambaa puani. Mkurugenzi Mkuu hakulala vizuri usiku ule. Asubuhi aliamka na mradi.

Mhusika mkuu wa mradi alikuwa Msaidizi Mwandamizi, ambaye idara nzima, na siku hizi mtaa mzima, walimwita Bwana Samahani. Kwa mujibu wa takwimu, hewa yote iliyosikika katika vikao vya idara tangu ashike cheo hicho ilikuwa yake. Mwenyewe alikiri kila mara, mbele ya mashahidi.

Takwimu hizo zilikuwa na kasoro moja ndogo. Mkurugenzi Mkuu alipenda maharage, mayai ya kuchemsha na kabichi, akavisindikiza kwa soda baridi, na alikula huku anatoa maagizo. Kikao kikifika mahali fulani kati ya Yatokanayo na Mengineyo, sauti ilisikika. Hapo hapo kiatu cha Mkurugenzi Mkuu kilikanyaga, chini ya meza, mguu wa aliyekaa kushoto kwake. Mwenye mguu alisimama, akaweka mkono kifuani, akasema, "Samahanini jamani, tumbo," kisha akatoka nje apunge upepo. Utaratibu huo haukuandikwa popote, lakini ndio pekee uliofuatwa idarani bila kukumbushwa. Msaidizi aliyetangulia alikikalia vizuri kiti kile hadi akapewa tawi lake mwenyewe mkoani.

Bwana Samahani alikuwa na kipaji. Wengine walipokanyagwa waliona haya, wakamung'unya maneno. Yeye aliomba radhi kwa sauti ya kutosha, kwa majuto yanayoaminika, na mara mbili alipigiwa makofi. Alijua kazi yake na aliipenda, mpaka ilipomfuata nyumbani.

Binti yake alikuwa amechumbiwa. Siku moja mama wa kijana, mwanamke mpole mwenye mkoba mkubwa mweusi, alikuja, akakaa mbali kidogo na dirisha lililofungwa, akaeleza kwamba hawana neno na binti, ni mtoto mzuri sana, ila upande wao wamesikia habari za baba.

"Tunauliza tu, mkwe," alisema. "Isije ikawa ni kitu cha ukoo. Tusubiri kwanza baba apone, ndipo tupange siku."

Alipoondoka, binti aliingia chumbani akafunga mlango. Mkewe Bwana Samahani alibaki anakusanya vikombe.

"Baba watoto, nikuulize. Miaka yote hii tunalala kitanda kimoja. Sijawahi kusikia kitu. Kwa nini ofisini tu?"

"Kazi ina presha, mke wangu."

"Presha ya wapi?"

Aliinama akamsaidia kukusanya vikombe. Alikuwa amekula kiapo cha kutunza siri za serikali, na hakujua siri hii ilianzia wapi na kuishia wapi. Lakini alisikia kilio cha binti yake kupitia mlango, na moyo ulimuuma kweli. Kwa hiyo Mkurugenzi Mkuu alipomtangaza kuwa mtumishi wa mfano wa Mradi wa Tumbo Tulivu, alishukuru kwa dhati. Akipona ugonjwa asiokuwa nao, harusi ingefungwa.

Idara ilimwajiri daktari wa lishe, dada mmoja mkavu asiyejua vikao vinaendeshwaje.

"Unakulaje?" alimuuliza.

"Kama mtumishi yeyote. Haraka, kabla ya kuitwa."

"Ndiyo unameza hewa hivyo. Tafuna pole pole, funga mdomo. Bigijii unatafuna?"

"Nikiwa na mawazo."

"Acha. Soda nayo acha. Maharage usiyaogope, ni chakula kizuri, ila yaloweke tangu jana yake, yale maji mwaga, pika kwa maji mengine. Anza kidogo kidogo tumbo lizoee. Kabichi na vitunguu, angalia kipi kinakusumbua wewe, maana matumbo hayafanani. Maziwa vilevile, wapo yasiowapenda. Ukishakula usijitupe kwenye kochi, tembea. Na hewa yenyewe si ugonjwa. Kila mtu anatoa."

"Na viongozi?"

"Kama wana matumbo."

"Daktari," alisema Bwana Samahani kwa upole, "hilo usiliweke kwenye ripoti."

Alifuata masharti yote. Mkewe aliloweka, akamwaga, akapika upya. Jioni walitembea wawili mpaka mwisho wa barabara na kurudi, jambo ambalo hawakuwa wamelifanya tangu walipokuwa wachumba, na Bwana Samahani akalifurahia kuliko alivyotarajia. Watumishi wengine wote nao walipelekwa mafunzoni, mpaka mlinzi wa geti, ambaye hufanya kazi nje. Mkurugenzi Mkuu peke yake ndiye aliyesamehewa, kwa kuwa majukumu yake hayakumruhusu kutafuna pole pole. Badala yake alisafiri ng'ambo kujionea wenzetu wanavyojamba kwa utaratibu.

Muda wote aliokuwa safarini, vikao vya idara vilipita kimya kabisa. Wataalamu walikaa, wakalinganisha, wakafikia hitimisho kwamba maharage yaliyolowekwa yamefanya kazi.

Siku ya kutangaza mafanikio, ukumbi ulijaa. Ukutani nyuma ya meza kuu lilitundikwa bango refu lenye picha ya Bwana Samahani akitabasamu, limeandikwa: NIMEPONA. NAWE UNAWEZA. ASILIMIA MIA MOJA. Waziri alikaa katikati. Kushoto kwake Mkurugenzi Mkuu, na kushoto kwa Mkurugenzi Mkuu, Bwana Samahani mwenyewe. Safu ya mbele alikaa mkewe, kisha kiti kitupu chenye mkoba mweusi juu yake, kisha mama wa kijana, aliyekuja kujionea.

Chakula kililiwa. Mkurugenzi Mkuu akahutubia.

"Mheshimiwa Waziri, asilimia mia moja. Hakuna mtumishi aliyepitia mradi huu anayetoa hewa tena. Nimehakiki mimi binafsi, na jina langu naliweka rehani."

Makofi. Akaketi. Na makofi yalipokuwa yanafifia, meza kuu ilitoa sauti ndefu, ya chini, isiyo na wasiwasi.

Bwana Samahani alisikia kiatu juu ya mguu wake. Miguu yake ilishaanza kusimama yenyewe, kwa mazoea, mkono uko njiani kwenda kifuani, alipomwona mama wa kijana ananyoosha mkono taratibu kuuchukua mkoba wake, kama mtu anayejiandaa kuaga. Mkewe alikuwa amefumba macho.

Kiatu kilikanyaga tena, safari hii kwa kisigino.

"Mheshimiwa Waziri," alisema Bwana Samahani, na sauti ilimtetemeka kwa mara ya kwanza katika utumishi wake. "Mimi nimepona. Mkurugenzi Mkuu amehakiki mwenyewe. Nikisema ni mimi, nitakuwa nimemfanya bosi wangu mwongo."

Hoja ilikuwa nzito. Waziri aliitafakari.

"Basi ni nani?" aliuliza. "Nani hapa hakupitia mradi?"

Shingo zote ziligeukia upande mmoja. Mkurugenzi Mkuu alimtazama Waziri, akaitazama ile asilimia mia moja ukutani, kijasho kikamchuruzika. Akasimama. Mkono kifuani aliuweka upande usio na moyo, kwa kukosa uzoefu.

"Samahanini jamani," alisema. "Tumbo."

"Pole sana," alisema Waziri kwa huruma. "Aanze masharti leo. Na vikao asiingie mpaka apone."

Bwana Samahani alimfuata nje na glasi ya maji, maana alijua jinsi korido ile inavyokuwa ndefu. Alimkuta ameegemea ukuta.

"Haikuwa mimi," alisema Mkurugenzi Mkuu.

"Mzee?"

"Nakuapia. Haikuwa mimi. Alinikanyaga."

Bwana Samahani aliinama kidogo. Juu ya kiatu cheusi kinachong'aa cha Mkurugenzi Mkuu palikuwa na alama ya vumbi ya soli nyingine, pana zaidi. Akamwonea huruma, hakika alimwonea. Pia alijisikia vizuri sana, na hakuona sababu ya kulificha.

"Nakuamini, mzee," alisema. "Ila ndiyo hivyo. Mwambie mama nyumbani aloweke maharage."

Aliporudi ukumbini, mshereheshaji alimpungia mkono kwa haraka. Kiti cha Mkurugenzi Mkuu kilikuwa wazi, ubavuni mwa Waziri, na Waziri mwenyewe alikuwa anakipapasa kwa kiganja, anatabasamu, kama kusema karibu. Mtu angeweza kumaliza utumishi wake wote akikiota kiti kile. Bwana Samahani alikitazama, akainama kwa heshima, akashuka ngazi za jukwaa. Mama wa kijana aliondoa mkoba wake kitini.

"Kaa hapa, mkwe," alisema.

Akakaa kati yake na mkewe. Daktari wa lishe aliitwa kusoma ripoti, na kabla hajafungua mdomo, meza kuu ikasema tena, ndefu kuliko mwanzo. Chini ya kitambaa cheupe watu wote waliuona mguu wa Waziri ukinyooka kwenda kushoto, ukitafuta, ukipapasa huku na huku, ukikanyaga sakafu.