Viini Kumi na Sita

Jumatatu, 3 Machi

Nimeshindwa tena! Mara ya kumi na moja mfululizo. Kila Jumamosi mimi na wifi yangu, dada wa mume wangu, hushindana kwenye gemu la magari mtandaoni, yeye kwake, mimi kwangu. Jana nilikwenda kumpongeza. Uongo. Nilikwenda kuchungulia.

Na nimeona. Kwenye kompyuta yake mvua hunyesha kwelikweli. Kila tone huteremka kwenye kioo cha gari kwa njia yake, na ndani ya tone kuna miti imesimama kichwa chini. Nilibaki kinywa wazi mpaka chai ikapoa. Kwangu mvua ni mistari myeupe, na gari huganda kwenye kona ya tatu. Likizinduka, limeshakumbatia ukuta.

Kumbe mimi si dereva mbaya. Ni prosesa, ule ubongo wa kompyuta! Nitaibadilisha kimyakimya. Tatizo moja: mume wangu, fundi wa kuchomelea, huchorea mageti yake kwenye kompyuta hiyohiyo. Nimemwambia nitaifuta vumbi.

Jumanne, 4 Machi

Duka la vipuri vya kompyuta. Muuzaji wanamwita Daktari kwa sababu havui glavu. Akaniwekea prosesa kiganjani. Ndogo kama biskuti! Akasema ndani yake mna swichi mabilioni, zinawaka na kuzima kabla sijapepesa jicho. Nikajikuta nanong'ona, kama niko karibu na mtoto aliyelala.

Akaeleza kuwa prosesa ina viini, na kila kiini hushika kazi yake. Kwa gemu langu sita vinatosha. Nikauliza kubwa kuliko zote ina vingapi. Kumi na sita! Jamani, yai lenye viini viwili tu huitiwa majirani waje kulitazama.

Akauliza nina mazabodi gani, yaani ule ubao mkubwa unaobeba kila kitu, maana si kila prosesa hukaa kwenye kila ubao. Nikajibu nzuri tu. Akasema kwa upole, "Dada, nenda kasome namba yake kwanza."

Nimedharauliwa.

Jumatano, 5 Machi

Kwa nini nisome namba ya ubao wangu, ubao wa aliyeshindwa, wakati wa mshindi upo? Nimekwenda kwa wifi na kujitolea kumfagilia chumba. Alipoingia jikoni, nikazama chini ya meza na kalamu, niusome ubao kupitia ubavu wa kioo wa kompyuta yake. Aliporudi alikuta miguu yangu tu. Akauliza natafuta nini. Nikasema hereni imeanguka.

Wifi anajua fika sijatoboa masikio. Hakusema neno. Ndiyo roho mbaya yake hiyo, kutosema neno.

Namba ninayo!

Alhamisi, 6 Machi

Nimenunua ile ya viini kumi na sita, kwa namba ya ubao wa wifi. Mume yuko karakana. Nimefungua kompyuta, nimeng'oa prosesa ya zamani. Lo! Chini yake kuna shamba la vijisindano vya dhahabu, zaidi ya elfu, vyembamba kuliko nywele, vimesimama safu kwa safu. Ni nani aliyevipanda? Kwa mkono gani? Nikasahau kilichonileta.

Ile mpya haikukaa. Ilibaki upande. Nikaisukuma kwa kidole gumba, kama mtu afungaye kopo. Ikalia krr.

Vijisindano vimelala chali.

Kompyuta haiwaki. Mume amerudi akauliza kama vumbi limetoka. Mchoro wake wa geti la shule umo humo, na mkuu wa shule anakuja kuutazama kesho saa kumi! Nimesema vumbi ni jingi kuliko nilivyodhani.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemeza mate, nikampigia wifi. Yeye ni fundi saa. Alifika asubuhi na kibano na ile lenzi anayoibana jichoni. Nikasubiri kejeli. Haikuja. Aliinama, akaanza kunyanyua kijisindano kimoja kimoja. Saa tatu nzima! Mkono hautikisiki, kibano kinasogea upana wa unywele, na hata pumzi yake siisikii. Miaka tisa namjua mwanamke huyu, na sikuwahi kuitazama mikono yake.

Alipomaliza akasema, "Wifi, siku nyingine niulize tu."

Machozi yakanilengalenga. Nikasema ni mafua.

Akarudisha prosesa ya zamani. Ikawaka! Mchoro upo, mpaka komeo la mwisho. Mkuu wa shule ameukubali, na mume wangu amenisifu kwa usafi. Wifi alikuwapo. Hakusema neno. Mungu ambariki.

Jumamosi, 8 Machi

Tumekwenda wote wawili kwa Daktari, safari hii na namba ya ubao wangu mimi. Ameikagua ile prosesa kubwa, akaona haina mkwaruzo, akanibadilishia kwa yenye viini sita. Kadi ya picha, hiyo inayochora kila kitu unachokiona, wifi amenipa yake ya zamani. Bure!

Jioni nimewasha. Mvua! Mvua yangu mwenyewe! Gari lilikuwa kwenye mstari, wenzake wakaondoka, nami nimeduwaa naangalia kioo. Tone moja lilibeba taa nyekundu ya gari la wifi, ndogo kama punje ya mtama, likateremka nayo taratibu hadi chini. Nimeshindwa kwa nusu mzunguko na sikujali. Kwa dakika nne.

Kisha wifi akapiga simu. Anasema kompyuta sasa haina kosa. Mimi ndiye ninayechelewa kushika breki.

Jumatatu, 10 Machi

Breki! Wivu tu huo. Nimechunguza mwenyewe: kompyuta ikichezewa sana inapata moto, na moto huo ndio unaoninyima ushindi. Leo mtunza stoo wa kazini kwetu kanidokeza kuwa kompyuta za mabingwa hupozwa kwa maji. Maji! Kitu rahisi hivyo, na watu wamekaa kimya! Nilitaka kumuuliza wifi, lakini nani humpa mpinzani siri?

Mume bado hajarudi. Nimechomoa waya wa umeme kwanza, maana mimi si mjinga.

Ndoo imejaa.