Karakana ya Mita Tatu kwa Nne

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mke wangu ametoa tamko. Amelitoa jikoni, mkono mmoja kiunoni, wa pili umeshika kikombe cha chai cha mama yake. Juu ya chai, utando wa vumbi la mbao. Akaniuliza hii ni nini. Nikasema huenda ni sukari. Sijui kwa nini mdomo wangu hupenda kunitangulia.

Habari yenyewe ni hii. Karakana yangu ni chumba cha nyuma, mita tatu kwa nne, na ukuta wake mmoja ndio ukuta wa chumba cha mama mkwe. Nina msumeno wa meza, randa ya umeme na mashine ya msasa. Nikiwasha, mama anakohoa. Nikizima, anaendelea kukohoa. Daktari wa kifua amesema waziwazi: vumbi litoke au mgonjwa atoke. Nimepewa mpaka Jumapili. Nisipoweka mashine ya kunyonya vumbi, shemeji yangu atakuja na gari amchukue mama akaishi kwake.

Mama hataki kwenda. Kule kwa mwanawe kila mtu ana simu yake na chumba chake, na yeye hushinda sebuleni kama mgeni aliyesahauliwa. Hapa anacheka vichekesho vyangu. Katika nyumba hii ni yeye peke yake anayevicheka. Wakati nasomewa mashtaka, alipaza sauti kutoka chumbani kwamba ile chai ilikuwa nzuri tu, asigombezwe mtu. Nikajisikia mdogo kama kisoda.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Kununua kwa nini, na akili ninayo? Nimechukua feni ya sebuleni, nikaifunga kwenye dirisha la karakana, uso umeelekea nje. Vumbi litasukumwa, litakwenda zake. Hesabu safi kabisa!

Nikawasha randa. Vumbi lilitoka nje kweli. Likakata kona, likaingia dirisha la pili, ambalo ni la mama. Nilimkuta ameketi kitandani, nyusi zimekuwa rangi ya mbao, anajifuta kwa upindo wa shuka. Akaniambia pole na kazi, baba. Mimi ndiye wa kupewa pole! Nilitamani ardhi ipasuke.

Feni nimeirudisha sebuleni. Inazunguka kwa kusuasua na inatema maranda. Nimemwambia mke wangu umeme leo una nguvu ndogo.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimekwenda duka la mashine na fedha zote za akiba. Muuzaji ni dada mmoja mwenye miwani na daftari, anauliza maswali mengi kuliko daktari wa kifua. Chumba kina ukubwa gani? Mashine ngapi hufanya kazi kwa wakati mmoja? Bomba litakuwa refu kiasi gani, na litapinda mara ngapi? Akaeleza kwamba kila kona ya bomba inapunguza mvuto. Akaeleza tena kwamba maranda makubwa si adui, hayo unayaona na kuyafagia. Adui ni lile vumbi laini kama unga, linalopenya mfuko wa kitambaa likaelea hewani saa nzima likitafuta kifua cha mtu. Basi mwenye chumba kidogo na mgonjwa nyumbani achukue ile ndogo ya pipa, yenye magurudumu na chujio zito, aisogeze kwenye mashine anayoitumia. Akanionyesha. Kipipa! Kimenifika gotini!

Nilikuwa karibu kabisa kusema hiyo hiyo. Wallahi. Lakini nyuma yangu alisimama mteja mwingine, bwana mwenye kalamu nne mfukoni, anasikiliza. Nikakohoa kidogo. Nikasema karakana yangu ina mashine sita na mafundi wanane.

Habari za mafundi hakuna hata mmoja aliyeniuliza.

Dada akafunga ukurasa, akafungua mwingine. Akanipeleka nyuma ya duka kwenye lijitu refu kuliko mlango wangu, lenye mapipa mawili na mabomba kama mikono ya pweza. Bwana wa kalamu nne akanipisha kwa heshima. Nikalipa. Dada akasema kwa karakana kubwa kufungiwa mashine ni bure, mtaalamu wao atakuja Ijumaa, na atanipiga picha ya kubandika dukani. Akaomba nimwelekeze nyumbani.

Mashine sita anazo mtu mmoja tu mtaani kwetu, na si mimi. Ni seremala wa ng'ambo ya barabara, tunamwita Sentimita kwa sababu hupima hata mkate kabla ya kuukata. Nikamwelekeza dada vizuri sana. Geti la kijani, nikasema. Geti langu ni jekundu.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Bahati ya ajabu! Sentimita amekuja mwenyewe kuniaga. Kesho anakwenda mahafali ya mpwa wake, atarudi Jumamosi. Akaniachia funguo za karakana nimpokelee mzigo wa mbao, maana katika mtaa mzima, alisema, ananiamini mimi. Alinishika bega aliposema hivyo. Sikuweza kumtazama usoni, nikawa naangalia rula iliyo mfukoni mwake.

Mpango wangu hauna madhara kwa mtu. Mtaalamu atakuja kwa Sentimita, atatazama, atapiga picha, atashusha mashine uani. Nitamwambia nitaifunga mwenyewe na mafundi wangu. Akiondoka, naivuta mpaka kwangu. Nikishafika nayo nitajua la kufanya na mlango.

Mama ameniuliza kama mashine nimepata. Nikamwambia kubwa mno, mama, utaisikia. Akafurahi, akasema basi nguo zake alizoanza kupanga atazirudisha kabatini.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Lahaula!

Mtaalamu alifika saa mbili asubuhi, mtu mnene, mpole, anayependa kazi yake kupita kiasi. Akaniuliza mafundi wako wapi. Nikasema wote wamekwenda mahafali. Wote wanane? Wote wanane, tunapendana sana. Nikamwambia ashushe tu uani, sisi tutafunga. Akasema haiwezekani, yeye hawezi kumtendea hivyo mtu mwenye karakana safi namna hii. Akasifu sakafu. Akasifu zana zilivyopangwa ukutani kwa urefu. Nikasema ahsante, najitahidi.

Ningesema nini? Kwamba sakafu si yangu?

Akatoboa matundu manne kwenye saruji. Akamimina gundi, akapigilia boliti nene kama kidole gumba. Akatandaza mabomba kwenye mashine zote sita, akayabana darini. Saa nane mchana akaniambia kwa furaha kwamba boliti hizo hazing'oki tena, hata karakana ikivunjwa zitabaki zimesimama. Akaniambia nicheke. Nimepigwa picha nimeegemea msumeno wa Sentimita, mkono kiunoni. Aliacha karatasi za dhamana sijui wapi, macho yangu yalikuwa kwenye boliti.

Alipoondoka nilijaribu kwa spana, kwa nyundo, kwa mtaimbo. Nimeumia kidole. Mashine haikutikisika hata unywele.

Mzigo wa mbao nimeupokea salama.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Sentimita amerudi. Saa nne alikuwa mlangoni kwangu. Nikajificha chooni. Mke wangu akaniita mara tatu, ya tatu kwa jina langu lote.

Nilimkuta ameketi sebuleni na mama na mke wangu, kofia mkononi. Akasema miaka yote ya useremala hajatendewa jambo kama hili. Mtu ameondoka siku moja tu, anarudi anakuta jirani amemwekea mashine ya kunyonya vumbi, tena kwa siri, bila kujitangaza. Sauti yake ilitetemeka. Mama akapiga makofi, akasema huyo ndiye mkwe wake, moyo wa dhahabu. Mke wangu hakupiga makofi.

Na mimi, badala ya kumwaga mtama hapo hapo, nikasema jirani ni ndugu. Nilisema hivyo! Nimevaa miwani ya mbao, na sijui nitaivua lini.

Mgeni alipotoka, mke wangu akauliza: na yetu? Nikasema iko njiani.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Siku ya aibu kuliko zote. Naandika ili nisije kujidanganya baadaye kwamba haikuwa hivyo.

Shemeji alifika saa tatu na gari lake. Mama alikuwa tayari amefunga begi. Nilimchungulia mlangoni. Alikuwa anachukua nguo moja moja, anaikung'uta vumbi dirishani polepole ili isisikike, halafu anaikunja. Aliponiona akatabasamu, akasema mashine nyingine huchelewa, baba, nisijitese, na kifua chake kingekuwa na adabu tusingefika huku. Kifua chake! Anaomba radhi kwa kukohoa vumbi langu!

Nililia. Seremala mzima nimesimama mlangoni nalia, shemeji ananiangalia na funguo za gari mkononi. Nikasema yote. Dada wa dukani, mafundi wanane, geti la kijani, boliti. Mke wangu akakaa chini sakafuni. Shemeji alitoka nje, na kwa mtikisiko wa mabega yake nilijua anacheka.

Mke wangu akaniambia neno moja: nenda.

Nikavuka barabara. Sentimita alikuwa anaranda ubao, na kweli, chembe ya vumbi hewani hakuna. Nikainamisha kichwa, nikamwambia mashine ile haikuwa zawadi. Akazima randa. Akasema anajua. Karatasi za dhamana alizikuta mezani tangu jana: mmiliki ni mimi, karakana ya mashine sita. Akaniuliza kwa upole hao mafundi wanane wako wapi awasalimie. Kumbe alikuja kwangu kunipa nafasi niseme mwenyewe. Akaongeza kwamba sauti ilimtetemeka kwa kubana kicheko.

Sijawahi kuaibika hivyo. Ningetukanwa ningepata pa kushika.

Kisha akatoa rula, tukaja wote kwangu. Akapima karakana. Akapima kutoka kwenye ukuta mpaka kwenye kitanda cha mama. Akasema lile jitu lingewashwa humu lingetumeza na milango yetu. Akarudi kwake, akatoka stoo anasukuma kipipa cha magurudumu, kinafika gotini, chenye chujio zito. Ndicho alichoanzia kazi, alipokuwa na chumba kama changu. Tumebadilishana, na tofauti atanilipa kwa mbao. Bomba mita moja na nusu, halina hata kona moja. Akaziba nyufa za ukuta kwa mkono wake na kunionya nisiwashe kitu chochote kabla ya kipipa.

Shemeji ameondoka na gari tupu. Mke wangu ametoa mwezi mmoja wa majaribio. Si kwa kipipa, ni kwangu mimi.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Siku ya tatu. Nimepiga msasa kabati zima. Mama amekunywa chai mlango wazi, nikaenda kuitazama kikombeni kwa tochi. Safi! Usiku kakohoa mara mbili tu, mke wangu amehesabu. Nimeapa mbele ya wote wawili: uongo basi, kutia chumvi basi, mimi ni fundi wa mita tatu kwa nne na sina haya kusema hivyo. Mama kacheka mpaka akashika mbavu. Sikuwa nimefanya kichekesho, lakini nimekipokea.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Mambo makubwa! Leo amepita mwalimu mkuu wa shule ya jirani, mama mmoja mwenye sauti ya gwaride. Anataka madawati mia moja na ishirini. Akachungulia karakana, akauliza kwa wasiwasi kazi yote hii naifanya peke yangu?

Swali la kawaida, na jibu nilikuwa nalo. Lakini alivyolisema lile "peke yako"! Nikasema hapana, hawa wengine wametoka kidogo, huwa tuko watano. Watano tu! Zamani ningesema wanane. Mtu anabadilika.

Atarudi kesho saa nne kuwaona. Nimepiga hesabu. Mimi mmoja. Sentimita nimemwomba, amecheka tu, kwa hiyo amekubali. Shemeji atakuja, kaahidi kwa sharti la kuleta kamera. Mke wangu hajui bado. Wa tano sikuwa naye, nikazunguka nyumba nzima nikifikiri, mpaka nikasikia mtu anaimba chumba cha pili.

Nimempelekea mama aproni na kofia yangu ya kazini. Atasimama pembeni kabisa, pale kwenye mashine ya msasa, dakika kumi tu. Kipipa tutakizima kwa muda huo, maana kinavuma na mwalimu mkuu hatanisikia ninavyoeleza. Mama amekubali papo hapo. Ameuliza tu kama fundi wa msasa huruhusiwa kukohoa.