Dalili za Awali

Ndugu Mwalimu wa Kwenye Simu,

Sasa hivi dada yangu yuko jikoni, anamuuliza mama ana ushahidi gani kwamba chumvi imekolea. Mama ameshika mwiko. Nimekimbilia kibandani kwangu, hapa mbele ya nyumba, nikuandikie kabla hawajafika kwenye hitimisho.

Mimi fundi wa pancha, shule niliiaga mapema. Dada ndiye yuko chuo kikuu, na masomo yako ya uandishi wa kitaaluma anayasikiliza kwa simu yangu, maana ya kwake imepasuka kioo. Hongera, yamemwingia. Malalamiko ni haya:

1. Mteja akipiga simu kusema tairi limeisha upepo, dada anapokea, anamtaka kwanza afafanue tatizo. Wateja wanakwenda kufafanua kwa fundi mwingine.

2. Nyumbani hatusengenyi tena kwa raha. Shangazi alisema jirani kahama, akaulizwa chanzo. Akajibu, "Watu wanasema." Akaambiwa awataje, na mwaka. Shangazi hajarudi.

3. Hili ndilo lililonileta. Ng'ambo ya barabara kuna msusi. Mimi kwa aibu zangu, akinisalimia naliitikia tairi. Nikamwomba dada aniandikie barua ya kumposa. Somo lako linakataza kutia chuku, basi akaandika: "Kuna dalili za awali kwamba mwandishi anampenda msomaji." Dalili, Mwalimu! Kama homa. Somo jingine linataka mapungufu yasifichwe. Hakuyaficha: nakoroma, suruali ya maana ninayo moja, na mbele ya mwanamke sijawahi kumaliza sentensi. Chini akaweka chanzo: Mama, mazungumzo ya jikoni.

Akaipeleka mwenyewe, mimi nikaachiwa nakala. Tangu aipate, msusi hanisalimii. Ananitazama tu, anacheka na wateja wake.

Kwa heshima zote, naomba masomo hayo yafutwe, na chuo chenu kimtume profesa mmoja aje amwambie msusi nampenda, basi, bila mapungufu.

Wasalimie wote hapo, hata wasio na chanzo.

Ni mimi,
Fundi Pancha (mkoromaji, kwa mujibu wa Mama)

Nyongeza: Usifute kitu! Msusi amevuka barabara, barua mkononi. "We fundi, wenzio wote waliniahidi mwezi na nyota. Wewe tu ndiye umeniambia unakoroma. Huyu aliyekuandikia ana akili." Dalili amezikubali, ila anasema hazitoshi, niende nikamwambie mama yake kwamba nampenda, kwa mdomo wangu mwenyewe, leo hii. Naondoka, ameshatangulia na mimi hata mikono sijanawa.