Mvinyo kwa Mujibu wa Madoa

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mzee Kizibo anastaafu! Habari imenifikia saa nne asubuhi, pasi mkononi. Nikashtuka, nikaisahau pasi juu ya foronya. Foronya imeungua. Nimeizika chini kabisa ya pipa la sabuni ya unga.

Kwa faida ya watakaosoma shajara hii nikishakuwa mtu mashuhuri: Mzee Kizibo ndiye mhudumu wa mvinyo wa hoteli yetu. Miaka thelathini anafungua chupa za kutoka Ulaya. Anamimina kidogo, mgeni anaonja, anaitikia kwa kichwa, basi. Hiyo ndiyo kazi. Koti jeupe, kizibuo mfukoni, na kila mtu anakuamini. Mimi ni dobi wa hoteli hiyo hiyo. Mwaka wa kumi na moja huu nipo chini ya ngazi, chumba kisicho na dirisha, nafua mashuka na vitambaa vya meza. Koti la Mzee nalifua mimi. Nimeshalijaribu mara nne. Linanikaa.

Meneja atachagua mrithi Jumamosi. Kila mwombaji ataoanisha mvinyo wa aina tatu na vyakula vitatu, mbele ya mwenye hoteli na mkewe. Asubuhi mwombaji alikuwa mmoja: Shingo, mhudumu wa mezani, mrefu, anajisikia. Kufika saa sita tulikuwa wawili.

Meneja akaniuliza kama nimewahi kuonja mvinyo wowote. Nikamjibu kwamba mimi na mvinyo tumefahamiana siku nyingi. Si uongo.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Shingo amenunua kitabu cha mvinyo. Anakisoma jikoni kwa sauti ili nisikie. Asome tu. Mimi nina kitu kinachoshinda kitabu.

Kila jioni wageni wanakula na kunywa. Kila asubuhi ushahidi wote unaletwa kwangu kwenye toroli. Mvinyo mwekundu wa Kifaransa unaacha doa la zambarau lenye ukingo wa kijivu. Ule mweupe mkavu hauonekani mpaka uinue kitambaa kwenye taa, ndipo unauona mstari wa manjano. Ule mtamu wa Kijerumani unanata chini ya pasi. Vyakula ndiyo usiseme: mafuta ya samaki, mchuzi wa nyama, chokoleti, navitambua nimefumba macho. Sasa, doa la mvinyo likilala jirani na doa la chakula, maana yake hivyo viwili vilikwenda pamoja. Wageni wenyewe wamechagua! Kazi yangu ni kuhesabu.

Nimefungua daftari. Kushoto mvinyo, kulia chakula. Leo vitambaa arobaini, vyenye madoa kumi na viwili. Vilivyobaki vilikuwa safi, nikavitupa pembeni. Kitambaa safi hakina elimu.

Nyumbani nilimweleza mke wangu. Yeye ni fundi cherehani, alikuwa akitia uzi kwenye sindano na hakuinua kichwa. Akauliza hivyo vitambaa safi vilitoka kwenye meza za watu gani. Nikamwambia asichanganye mambo. Akasema nisiache mbachao kwa msala upitao. Nikamwambia mbachao wangu unanuka sabuni na nimechoka nao.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Mzee Kizibo amekubali kutuonjesha, mimi na Shingo, saa tisa alasiri, stoo ya chupa. Kwa mara ya kwanza maishani nimeonja kitu ninachokifua kila siku.

Siri hii ibaki humu ndani: ni kikali. Ulimi ulikauka, mashavu yakavutana. Nikajikaza kisabuni, nikasema mmm.

Mzee akatuambia tunuse kwanza, kisha tuseme tunanusa nini. Shingo akatia pua kwenye glasi, akafumba macho, akasema matunda meusi, ngozi ya kiatu kipya, na moshi kwa mbali. Zamu yangu ikafika. Nilinusa sabuni. Glasi ya pili, sabuni. Ya tatu nilinusa kwa bidii zote nilizonazo. Sabuni ya mche. Nikasema nasikia usafi. Shingo alicheka mpaka akashika rafu. Mzee hakucheka. Akasema miaka kumi na moja ya mvuke haiwezi kutoka puani kwa alasiri moja, na hakuna ubaya, kila pua na kazi yake. Ananionea huruma. Sitaki huruma, nataka koti.

Jambo jingine nimelijua nikiwa nimechelewa. Mwonjaji hutema. Kuna ndoo maalumu. Shingo alitema tangu mwanzo bila kuniambia. Mimi nilimeza glasi tisa. Nikarudi chini nikapiga pasi taulo moja kwa dakika arobaini. Haijawahi kunyooka vile.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimefanya mazoezi ya kutema. Nyumbani, kwa juisi ya zabibu na ndoo, hatua mbili. Shingo anatema kwa mstari mwembamba ulionyooka, na mimi siwezi kushindwa na mtu mwenye shingo ile.

Ya kwanza iliingia ndooni. Ya pili iliingia ndooni. Ya tatu nikarudi hatua moja nyuma, kwa majivuno. Ikatua kwenye gauni la bibi harusi. Gauni la mteja wa mke wangu! Limetundikwa mlangoni, linachukuliwa kesho, doa la zambarau kifuani sawasawa.

Mke alikuwa sokoni. Nilichukua chumvi, maji ya soda, kitambaa safi kwa nyuma, mvuke wa birika kwa mbele. Kugusagusa, si kusugua. Anayesugua hulipeleka doa ndani. Dakika tano, halipo. Nikalipiga pasi ili likauke.

Mke aliporudi alilitazama gauni kwa muda mrefu. Akauliza nani amelipiga pasi, maana hajawahi kuona mikunjo iliyokaa vizuri namna ile. Nikasema upepo.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Matokeo ya utafiti. Siku nne, madoa sitini na moja. Nafasi ya kwanza: mvinyo mwekundu mzito na samaki wa mafuta, mara kumi na tisa. Nafasi ya pili: mweupe mkavu na keki ya chokoleti, mara kumi na nne. Ya tatu: mtamu wa Kijerumani na nyama ya kuchoma, mara kumi na moja. Yaliyobaki ni vurugu tu.

Ajabu ni kwamba kitabu cha Shingo kinasema kinyume kabisa katika yote matatu. Mwandishi wake hajawahi kufua kitambaa cha meza. Inaonekana.

Saa nane Shingo mwenyewe akashuka na shati lake la kesho. Akaniomba nilitendee haki, akaniita kaka. Kaka! Juzi tu alikuwa akiniita Povu. Nikampokea kwa mikono miwili. Nimelitia kanji mara tatu ya kipimo, na kola nimeirudia mara ya nne. Sasa inasimama yenyewe mezani, ukiigonga inalia. Asiyeweza kuinama hawezi kunusa glasi, na asiyenusa glasi ana nini cha kusema?

Kesho saa nane mchana. Koti la Mzee lipo kwenye kamba. Nimelijaribu mara ya tano.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Naandika haraka kabla sijaanza kujitetea.

Meza namba moja. Mwenye hoteli, mfupi, mwenye miwani. Mkewe, mama mtulivu, mtandio mweupe wa pamba mabegani. Meneja kasimama upande mmoja, Mzee Kizibo upande mwingine.

Shingo alianza. Kola ilimshika barabara. Hakuweza kuinama hata kidogo! Badala ya kuinamia glasi akainyanyua polepole mpaka puani, akaitazama kwa juu, kope zimeshuka nusu. Mwenye hoteli akamnong'oneza Meneja kwamba kijana huyu ana haiba. Haiba! Ile ni kanji yangu! Akawapa mweupe mkavu na samaki, mwekundu na nyama, mtamu na keki. Wakala kimya. Wakanywa kimya. Hakuna aliyesema neno, hakuna kilichomwagika, kitambaa kikabaki kama nilivyokitandika. Nikajua amekwama.

Zamu yangu. Nikafungua daftari, nikawasomea kwamba nimefanya utafiti wa madoa sitini na moja. Mwenye hoteli akavua miwani. Nikawamiminia mwekundu mzito na samaki. Mama akaonja, akasita, akasema anahisi analamba ufunguo. Nikamtoa wasiwasi kwamba huo ndio unaoongoza. Mtamu na nyama: mwenye hoteli alitafuna muda mrefu, akaomba maji. Meneja alikuwa akitazama dari. Nikapiga moyo konde, nikaleta keki ya chokoleti na mweupe mkavu kupita yote.

Mama akanywa. Uso ukamkunjamana. Akakohoa, mkono ukaruka, ukaipata ile glasi ya mwekundu ambayo hakuimaliza. Mezani. Mtandioni. Kila mahali.

Nasikitika kuandika kwamba jambo la kwanza nililofanya ni kuangalia doa limelala wapi. Lilikuwa jirani kabisa na samaki. Nikasema kwa sauti: ishirini!

Kisha mikono ikaenda yenyewe. Nikaomba mtandio, mama akauvua. Chumvi ilikuwa mezani, maji ya soda kwenye toroli, mvuke kwenye birika la chai. Kugusa, kugeuza, kugusa. Dakika nne. Nilipomrudishia aliugeuza huku na huku, akautafuta mwanga wa dirishani, doa asilione. Akamwita mumewe naye atafute. Hakupata. Kwa wakati ule sikuogopa mtu, nakiri, wala sikuwa nawaza koti.

Lakini koti amepewa Shingo.

Mama aliniuliza nafanyia kazi wapi. Chini ya ngazi, nikasema. Akauliza kama pana dirisha. Nikasema hapana. Akamgeukia mumewe, mumewe akamgeukia Meneja, na Meneja akaandika. Natobolewa dirisha. Wote wakapiga makofi. Nikashukuru. Niliumia sana, nasema kweli. Mtu anaomba koti anapewa tundu la ukuta.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Sikutoka kitandani. Mke alileta chai, akasema mama wa bibi harusi amesifu pasi. Nikageukia ukutani.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Mzee Kizibo ameshuka mwenyewe na koti lake, kwa mara ya mwisho. Lifuliwe, kisha lirefushwe mikono kwa ajili ya Shingo. Atakayelirefusha ni mke wangu. Ameshakubali, tena kwa furaha.

Mzee akaomba daftari. Akalisoma ukurasa kwa ukurasa, amekaa juu ya kikapu cha mashuka. Nilisubiri acheke. Hakucheka. Akasema kazi hii imefanywa kwa uangalifu mkubwa, na kila kilichoandikwa humu ni kweli. Ila nimewasoma waliomwaga. Mgeni aliyeletewa kinachopatana na chakula chake hunywa akamaliza, akaondoka, meza ikabaki safi. Anayemwaga ni yule aliyekohoa, aliyesukuma glasi kwa kiwiko, aliyeanza kugombana na mwenzake kwa sababu chakula hakipandi. Nimekusanya makosa yote ya ukumbi ule, nikayapanga kwa ubora. Angejua mapema angeniambia nisome kinyume chake na leo ningekuwa bingwa. Elimu, akasema, ilikuwa kwenye vile vitambaa nilivyovitupa pembeni.

Nikakaa chini. Mke wangu aliliona hilo Jumanne, huku akitia uzi kwenye sindano! Sitamwambia.

Lakini nimeelewa. Nimeelewa kabisa, mpaka ndani ya mifupa. Ili nisisahau tena, nimechukua chaki ya fundi na kuandika ukutani, mbele ya meza ya pasi, herufi kubwa: TAZAMA VILIVYO SAFI.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Mafundi wamekuja kutoboa dirisha. Wametoboa pale pale nilipoandika. Mwanga ni mwingi, siwezi kulalamika. Kwenye ule ukuta palikuwa na maneno fulani ya maana.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Jambo kubwa! Kwa mwanga wa dirisha jipya naona vitu ambavyo sikuwahi kuviona.

Leo nilikuwa napanga vile vitambaa vidogo vya kupangusia midomo. Kimoja kilikuwa kizito. Nikakifungua. Ndani: vipande vitatu vya maini, vimetafunwa kidogo tu, vimefungwa kwa unadhifu, ncha nne zimekunjwa kwa ndani. Kingine, maini tena. Cha tatu, boga la kuponda, limeviringishwa vizuri na kusukumwa chini ya sahani, asema mhudumu aliyeviokota. Ilipofika saa sita nilikuwa nimepata vifurushi tisa.

Nikakaa dirishani nikafikiri. Nani hufunga chakula kwa uangalifu kiasi hicho, kama si mtu aliyekipenda mno? Alitaka kwenda nacho nyumbani. Aibu ikamshika, akakiacha. Miaka yote hii hoteli haijui wageni wake wanapenda nini, na siri imekuwa ikipita mikononi mwangu!

Mpishi mkuu anastaafu Juni. Kofia yake naifua mimi. Inanitosha.

Nimefungua daftari jipya. Maini yanaongoza, boga linafuata. Vitambaa vilivyokuja vitupu nimevitupa pembeni.