Sheria Nne na Kiti cha Pili

Jumatano, 1 Juni 1994

Nimepona! Si goti, goti bado. Nimepona ujinga.

Leo ilikuwa semina yetu sisi tuliopunguzwa kazini, ukumbini Majengo. Tuliahidiwa mbinu za biashara. Soko huria, kila mtu ajitegemee, soda moja moja. Mtoa mada kutoka Dar akaandika ubaoni sheria nne za mazungumzo: sema kweli, sema kiasi bila kuzidisha wala kupunguza, sema kinachohusika, sema waziwazi. Wenzangu walisinzia. Mimi nilinakili zote. Kumbe ndiyo maana nina miaka hamsini na moja na nakula peke yangu! Watu wa mji huu hawasemi wanachomaanisha, nami nimekuwa nikiwafuata.

Ofisi ya ushirika ilipouza samani zake nilinunua meza na viti viwili. Kiti cha pili hakijakaliwa hata siku moja. Namtaka Mama Fausta akikalie, awe mke wangu. Ni mjane, anauza mitumba Majengo, binti yake kaolewa Mbinga. Kwa sheria nne nitampata kabla ya mwezi kwisha. Osmund wa mashine ya kusaga, ambaye naye anamzungukazunguka, atajua hajui.

Alhamisi, 2 Juni

Kazi imeanza. Mama Fausta kaniuliza habari za nyumbani. Zamani ningesema nzuri. Uongo! Nikamweleza kweli, tena kwa kiasi kamili: baridi inapita chini ya mlango, panya wamekula mbegu ya mahindi, goti la kushoto, choo kimeanza kutitia, jioni sauti pekee ndani ya nyumba ni ya redio, na betri zimekwisha. Wateja watatu walipekua nguo, wakasubiri, wakaondoka. Mama Fausta akasema pole. Nadhani alivutiwa.

Akaja Osmund. Habari? Nzuri. Za kazi? Nzuri. Za nyumbani? Nzuri. Nilihesabu nzuri saba. Ameshageuka kuondoka, ndipo akasema ila mama amelazwa tangu juzi, hali yake si ya kuridhisha. Yaani nzuri saba kwa kweli moja, na hiyo moja kaiweka mkiani! Nikamwonyesha kosa. Hakuna aliyenisikia. Mama Fausta alikuwa anafunga mizigo yake mchana kweupe. Wakaenda wote hospitali.

Mama wa watu ni mgonjwa, nimesikitika. Lakini sheria ni sheria.

Jumamosi, 4 Juni

Ushindi! Nimepita Bombambili nyumbani kwa Mama Fausta saa ya chakula, kwa makusudi. Alikuwa mkekani na dada yake. Akasema karibu tule. Watu wote hujibu asante, nimeshiba, hata kama tumbo linalia. Mimi nikavua viatu.

Wakatazamana. Samaki alikuwa mmoja, wa Nyasa, mdogo. Nikala kiasi, yaani nusu. Dada mtu akauliza kama kwangu hawapiki. Nikajibu waziwazi kwamba hapiki mtu ila mimi, na napika vibaya. Mama Fausta akacheka, akanisogezea na mboga. Nilifurahi mpaka nikasahau kuondoka. Dada akafagia. Akafagia tena, akaniomba ninyanyue miguu.

Jumapili, 5 Juni

Baada ya misa Mama Fausta kasema siku moja atakuja kunitembelea. Nikauliza siku ipi, saa ngapi. Siku moja tu, Mungu akijalia. Nikamwambia hiyo si siku, kwenye kalenda haimo. Akanitazama, akasema Bwana Egidi, jamani! Sasa hilo nalo lina maana gani?

Alhamisi, 9 Juni

Hajaja. Kila siku napikia watu wawili, hiyo siku moja isije ikanikuta na sufuria tupu. Jumatatu maharage. Jumanne maharage. Sahani ya pili naifunika, nasubiri, kisha naila asubuhi.

Jana nilikaa kwenye kiti cha pili nione chumba kinaonekanaje kutoka upande huo. Unakiona kiti changu, hakina mtu. Niliinuka haraka. Naumia, niseme kweli.

Jumapili, 12 Juni

Amekuja! Saa kumi jioni, kwa miguu kutoka Bombambili. Kanga mpya, viatu vimefutwa vumbi, mkononi bakuli lililofunikwa kitambaa. Nikafungua mlango. Akasema alikuwa anapita tu.

Anapita! Nyumba yangu ni ya mwisho Matogoro. Baada yangu ni msitu na mlima. Nikamweleza kwa upole, nikanyoosha na kidole: huko hakuna njia, hakuna nyumba, sasa alikuwa anapita kwenda wapi? Kwa ngedere? Akautazama mlima muda mrefu. Kisha akasema ni kweli, huko mbele hakuna kitu. Akanikabidhi bakuli, akasema haya, akashuka. Haya! Neno moja, wala halikuzidi. Kumbe anajifunza.

Kiti nilikuwa nimekifuta tangu asubuhi. Sikupata nafasi ya kumwambia, tulikuwa bado kwenye kosa lake.

Kilikuwa kisamvu cha karanga, cha kutosha watu wawili. Nimekimaliza.

Kesho narudisha bakuli. Marehemu mama alikuwa akisema chombo cha watu hakirudi kitupu, utie hata mayai mawili. Hiyo nayo ni kuzungusha maneno. Litarudi tupu, limeoshwa. Na akiniuliza kilichonileta sitasema napita. Wala sitaongeza kwamba nyumba imekuwa kubwa tangu aliposhuka kile kilima, maana hayo hayahusiki. Nitasema nimeleta bakuli. Hilo tu.